Waya wa vitani hauungwi kwa meno

Kila kundi la vijana wanaojifunza ufundi wa simu hapa Malindi huja na imani ile ile: fundi wa mawasiliano vitani alikimbia chini ya risasi, akasokota ncha mbili za waya, akarudi mbio. Wengine humtaja Matvei Putilov, mwanajeshi wa mawasiliano wa Kisovieti anayesimuliwa kuziuma ncha kwa meno kule Stalingrad, Oktoba 1942. Putilov alikuwa kajeruhiwa, anakata roho. Hiyo haikuwa njia ya kazi.

Kusokota hakutoshi, jamani! Waya wa WD-1, waya wa simu za vitani wa jeshi la Marekani, una mikondo miwili, yaani nyaya mbili ndogo za kupitisha umeme, na kila mkondo una nyuzi nne za shaba na tatu za chuma. Chuma hujinyoosha, kiungo hulegea, simu ikakwaruza kisha ikafa. Kwanza unaunganisha simu ya kupimia na kuita pande zote mbili, maana kombora moja huweza kukata mahali patatu. Upande usiojibu bado una mkato mbele. Kisha unapachika kipande cha waya mpya, kwa kuwa kombora huondoka na mita kadhaa. Mkondo mmoja unaukata mfupi kwa kama sentimita 15, ili viungo viwili visikae sambamba vikagusana. Unafunga fundo, kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Unazungushia uzi mwembamba wa shaba, ndipo unafunga tepu kuanzia juu ya ganda la waya lisilokatwa. Vijana hupenda kuiruka tepu. Kwa upepo wa chumvi kama wa Lamu, kiungo kilicho wazi huota kijani upesi.

Yote hayo fundi wa vitani aliyafanya amelala kifudifudi, mikono miwili kazini, bunduki kando, mahali ambapo mizinga ilikuwa imeshapalenga. Ushujaa wake ulikuwa kutoharakisha.

Eti simu ya upepo iliufanya waya kuwa bure? Redio husikiwa na yeyote mwenye kipokezi. Waya nao haukuwa salama ulipotumia ardhi kama njia ya kurudishia umeme: adui alinasa sauti kupitia udongo, ndiyo maana Mwingereza A. C. Fuller akabuni Fullerphone mwaka 1915, chombo cha kutuma ujumbe kwa waya bila adui kuunasa kirahisi.

Na kufukia waya kina kidogo tu, kungetosha? Vita Kuu ya Kwanza, kebo zilizohitaji kustahimili mizinga zilizikwa karibu mita 1.8.