Saratani ya tumbo yenye seli za pete: ninavyolijibu swali la "ana muda gani?"

Majibu ya kinyama kilichochukuliwa tumboni yanaporudi kutoka maabara yakiwa yametaja seli za pete, mara nyingi ndugu wa mgonjwa huwa wameshayatafuta kwenye simu kabla hayajafika mezani kwangu. Wanachokikuta huko ni maneno machache tu: aina hii ni adimu, ni kali, na wenye nayo hawaishi muda mrefu. Basi huja kliniki wakiwa na namba moja vichwani na swali moja, ambalo huulizwa mlangoni mgonjwa akiwa ameshatangulizwa nje: "Daktari, tuambie sisi wanawe, mzee ana muda gani?" Mimi ni daktari wa saratani hapa Dodoma, na nimeona niliandikie swali hilo kwa urefu, kwa sababu jibu lake la kweli haliwezi kutolewa kwa kusimama mlangoni.

Seli za kawaida za utando wa ndani wa tumbo hushikana zenyewe kwa zenyewe, na mojawapo ya protini zinazozishikamanisha huitwa E-kadherini. Katika saratani hii mshikamano huo huvunjika, kila seli hujitembelea peke yake, na ndani ya seli hujaa ute unaokisukuma kiini pembeni kabisa, kiasi kwamba chini ya darubini seli huonekana kama pete yenye muhuri upande mmoja. Mwaka 1965 mtaalamu wa patholojia wa Finland, Pekka Laurén, alizigawa saratani za tumbo katika makundi mawili makubwa: zile ambazo seli zake bado hujipanga kwa mfano wa tezi za utumbo, na zile ambazo seli zake hutawanyika. Seli za pete ziko katika kundi la pili.

Tofauti hiyo si ya darubini peke yake. Saratani ya kundi la kwanza aghalabu huota uvimbe au kidonda ambacho daktari anayepitisha kamera mdomoni hadi tumboni hukiona mara moja, ilhali hii ya kutawanyika hupita chini ya utando na kuuacha juu ukionekana karibu mzima. Anachokiona mpimaji ni kwamba akipuliza hewa tumbo halitanuki, na yale makunjo ya ndani ambayo yalipaswa kulainika yanabaki yamesimama, manene na magumu. Ugonjwa ukiuenea ukuta wote, tumbo hukakamaa na kusinyaa kama kiriba cha ngozi kilichokauka. Kinyama kikichukuliwa juu juu, majibu yanaweza kurudi yakisema hakuna saratani, na mgonjwa akarudi nyumbani akishukuru. Ndiyo maana nasisitiza kwamba pale kamera na maabara zinapopingana, kipimo kirudiwe, vinyama vichukuliwe vingi, na vichukuliwe kwa kina zaidi, mahali pale pale palipotiliwa shaka.

Muda unaopotea kabla ya hapo ni mkubwa zaidi, na unapotea kwenye maduka ya dawa. Kwetu kila maumivu ya chembe ya moyo huitwa vidonda vya tumbo. Mtu hununua omeprazoli, akapata nafuu ya wiki mbili, akanunua tena, na nafuu hiyo haina maana kwamba ugonjwa umesimama. Dalili ninayoisikia mara nyingi wala si maumivu, ni kushiba mapema: mama aliyekuwa akimaliza ugali wa uwele na mlenda sasa anaacha baada ya matonge machache, anasema tumbo limejaa, na gauni la mwaka jana linamning'inia mabegani. Wengi wanaotufikia kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni huja baada ya miezi ya hali hiyo, na baadhi yao tayari wana maji tumboni.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe. Kinachoamua muda wa kuishi, kuliko jina la seli, ni mahali ugonjwa ulipofika siku unapogunduliwa. Kwa saratani za tumbo zote kwa ujumla, takwimu za kitaifa za Marekani zinaonyesha kwamba ugonjwa ukiwa bado ndani ya tumbo peke yake, takriban wagonjwa 75 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ukiwa umefika kwenye matezi ya karibu, ni takriban 35. Na ukiwa umesambaa mbali, ni takriban 7. Tofauti ya 75 na 7 ni kubwa mno kuweza kufichwa ndani ya namba moja, lakini ndivyo anavyofanya mtu anayesoma wastani wa wagonjwa wote na kumbebesha baba yake.

Kwa seli za pete kuna jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulishangaa. Zikigunduliwa zikiwa bado kwenye utando wa ndani au tabaka linaloufuata, tafiti za Japani na Korea Kusini zimeonyesha kwamba wagonjwa wake hawana hali mbaya kuliko wenye aina nyingine, na katika baadhi ya tafiti hizo wameishi vizuri zaidi. Zaidi ya 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Korea Kusini inawapata mapema kwa sababu watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea hualikwa kupimwa tumbo kila baada ya miaka 2. Ukali wa seli hizi hujitokeza zinapovuka misuli ya ukuta wa tumbo, kwani hapo ndipo tabia yake ya kutawanyika inapozipeleka kwenye matezi na kwenye peritonia, yaani ule utando unaofunika viungo vyote vya ndani ya tumbo. Kwa hiyo maneno "ni kali" ni ya kweli kwa mgonjwa mmoja na si ya kweli kwa mwingine, ingawa karatasi zao za maabara zimeandikwa jina lile lile.

Hiyo peritonia ndiyo inayonipa kazi kuliko kitu kingine. Chembechembe za ugonjwa huko zinaweza kuwa ndogo kama punje za uwele, na kipimo cha CT kikazipita bila kuziona. Ndiyo sababu, kabla ya kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji mkubwa, inafaa daktari wa upasuaji apitishe kwanza kamera ndogo kupitia tundu la tumboni, atazame, aoshe kwa maji maalumu na kuyapeleka maji hayo maabara. Seli za saratani zikionekana ndani ya maji hayo, ugonjwa huhesabiwa kuwa wa hatua ya 4, yaani uliosambaa, hata kama picha zote zilikuwa safi. Kwa wanawake, mahali pengine panapofikiwa ni ovari. Daktari wa Ujerumani, Friedrich Krukenberg, alieleza uvimbe wa aina hiyo mwaka 1896, na hadi leo mwanamke anaweza kufika hospitali kwa uvimbe wa ovari zote mbili kumbe chanzo kiko tumboni. Kwa mama wa namna hiyo kamera ya tumbo haipaswi kusahauliwa.

Ugonjwa ukiwa bado unaweza kutolewa, matumaini hutegemea mambo mawili kwenda pamoja: dawa za saratani kwa dripu kabla na baada ya upasuaji, na upasuaji unaoondoa ugonjwa wote pamoja na matezi yake. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa mchanganyiko wa dawa uitwao FLOT nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 50, wakati kwa mchanganyiko wa zamani ilikuwa miezi 35. Naomba neno "nusu" lisomwe kwa makini. Miezi 50 si mwisho wa mtu yeyote. Ni mahali ambapo nusu ya wagonjwa walikuwa bado wanaendelea na maisha, wengine wakiwa wamepona kabisa.

Ugonjwa ukiwa umesambaa, nasema wazi kwamba hatuwezi kuuondoa. Bila dawa za saratani, tafiti zimeweka namba hiyo ya katikati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, kwenye miezi 4 hivi, na kwa dawa kwenye miezi 11 hivi. Wenye seli za pete aghalabu huangukia upande mfupi wa namba hizo. Dawa mpya zipo. Zolbetuksimabu, inayolenga protini iitwayo klaudini 18.2, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ilisogeza namba ya katikati kutoka miezi 15 na ushee hadi 18 na ushee kwa wagonjwa wenye protini hiyo. Ni hatua ya kweli, lakini familia ikiniuliza kama iuze shamba na ng'ombe kwa ajili ya miezi hiyo, nawaambia hapana, na nawaeleza kwa nini.

Namba hizi zote zimetoka kwa wagonjwa waliochaguliwa kuingia kwenye tafiti, wenye nguvu za kutembea na wanaofika kliniki kila wanapotakiwa. Mgonjwa wetu anaweza kukosa mzunguko mmoja wa dawa kwa sababu nauli imekwisha, au akaja amekonda hivi kwamba dozi kamili itamdhuru. Kwa kiasi fulani safari imepungua ugumu tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, na mgonjwa wa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, halazimiki tena kukaa kwenye basi kutwa nzima. Lishe nayo ni sehemu ya matibabu kamili: uji mzito wenye karanga na maziwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, humfikisha mtu kwenye upasuaji akiwa na nguvu ambazo dripu pekee haiwezi kumpa. Na aliyetolewa tumbo lote anahitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote, jambo linalosahaulika mara tu kidonda kinapopona.

Nalijibu vipi basi swali la mlangoni? Kwanza naomba mgonjwa arudishwe ndani. Najua familia nyingi zinataka mzee asiambiwe, na zinataka hivyo kwa upendo, lakini mzee huyo ana mambo ya kupanga: mashamba, madeni, watoto wa ndoa mbili, mahali anapotaka kuzikwa. Kumnyima habari ni kumnyima nafasi hiyo. Humuuliza yeye mwenyewe, "Mzee, ungependa nikueleze kwa kiasi gani?" Wapo wanaosema, "Mweleze mwanangu mkubwa, mimi niache," na hilo ni jibu, naliheshimu. Wengi husema niwaeleze. Hapo sitaji mwezi wala tarehe. Ugonjwa ukiwa umesambaa, nasema kwamba kwa hali kama yake wengi huishi miezi kadhaa hadi mwaka, wachache huzidi hapo, na wachache huondoka mapema. Kisha nasema tutajua zaidi baada ya mizunguko ya kwanza ya dawa, kwa kuangalia kama anakula na kama uzito umesimama. "Mungu ndiye ajuaye" ni kweli, nami naamini hivyo, lakini daktari akiitumia ili asieleze anachokijua, amemwacha mgonjwa peke yake.

Watoto nao huuliza kama ugonjwa utawarudia. Wengi wa wagonjwa hawa hawakuurithi. Ipo hata hivyo hitilafu ya jeni ya CDH1, ile inayotengeneza E-kadherini, iliyotambuliwa mwaka 1998 katika ukoo wa Wamaori wa New Zealand uliokuwa umepoteza watu wengi kwa saratani hii tangu ujana, na wanawake wenye hitilafu hiyo hukabiliwa pia na aina mojawapo ya saratani ya matiti. Kwa hiyo, ikiwa katika ukoo wenu watu wawili au zaidi wameugua saratani ya tumbo ya kutawanyika, au mmoja ameipata kabla ya umri wa miaka 50, mwelezeni daktari hivyo kabla hajauliza, na leteni majibu ya maabara ya marehemu kama bado yapo nyumbani.