Kichwa Kikipasuka Ghafla Wakati wa Tendo la Ndoa, Usisubiri Kukuche

Kila tunapopima watu presha kuelekea Mei 17, Siku ya Shinikizo la Juu la Damu Duniani, huwa kuna anayengoja foleni ipungue ndipo asogee na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, nikiwa na mwenzangu kichwa kinanipasuka. Ni presha hiyo?" Wanaouliza pembeni hivyo ni wengi kuliko wanaofika hospitali usiku ule ule maumivu yalipoanza, na hilo linatusumbua. Nimeona tulizungumze wazi, kwa lugha ya staha.

Maumivu haya huja kwa sura mbili. Kuna yanayopanda taratibu, yakikaza kisogo na shingo kadiri ashiki inavyoongezeka. Na kuna yanayolipuka mara moja, mtu anapofika kileleni au punde kabla ya hapo, kama aliyepigwa nyundo kisogoni. Makali yake huweza kudumu dakika moja tu au yakafika saa 24, kisha kichwa kikabaki kizito siku mbili tatu. Kwa makadirio ya wataalamu, mtu mmoja kati ya 100 hupatwa nayo angalau mara moja maishani, wanaume zaidi ya wanawake, na wenye kipandauso zaidi ya wengine.

Wengi wao hawana ugonjwa wowote ndani ya ubongo. Ila hakuna daktari, mganga wala muuza dawa anayeweza kukuhakikishia hivyo kwa kukutazama usoni, kwa sababu mshipa wa damu uliovimba na kupasuka ndani ya kichwa huanza namna hiyo hiyo, na tendo la ndoa ni moja ya nyakati ambazo hupasuka. Kwa hiyo maumivu ya kulipuka yanayokuja kwa mara ya kwanza tunayahesabu kuwa ni dharura hadi vipimo viseme vinginevyo. Mgonjwa akizimia, akitapika, shingo ikakakamaa, akaona viwili viwili, akapata degedege au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo hata majirani huelewa kwamba hali ni mbaya. Anayetuponyoka ni yule ambaye kichwa kimelipuka kisha kikatulia baada ya nusu saa, akalala, na asubuhi akaenda zake shambani. Naye pia alipaswa kuja.

Ukija, tuambie ulikuwa unafanya nini. Msimu wa korosho tunaambiwa mtu alikuwa anapandisha gunia kwenye gari. Nje ya msimu tunaambiwa aliamka tu na kichwa kinamuuma. Huyu wa pili anajiumiza mwenyewe, kwa sababu swali letu la kwanza ni hili: maumivu yalichukua muda gani kufika kileleni mwake, sekunde au saa? Ukisema uliamka nayo, utapimwa malaria, utapewa parasetamo na kurudishwa nyumbani. Ulikuwa na nani si swali letu. Hatumpigii mtu wa nyumbani kwako simu, na unayotueleza ni siri ya matibabu.

Kuhusu jini mahaba, ambalo wengine hulilaumu kwa maumivu haya, nitasema bila kuzunguka. Sina ugomvi na imani ya mtu, na anayetaka kisomo asomewe, lakini asomewe akiwa ndani ya gari kuelekea hospitali. Tumechoka kupokea watu siku ya nne au ya tano, wametoka kufukizwa, damu imeshakaa kichwani na nafasi ya kuwasaidia imepungua. Na tumechoka zaidi kusikia mwanamke, hasa mjane aliyeolewa tena, akiambiwa ana nuksi kwa sababu mume ameanguka kitandani. Makungwi wetu wanaowafunda wari kwenye unyago wanasikilizwa kuliko sisi. Ningefurahi sana jambo hili likiingia kwenye mafunzo yao, na kwenye jando pia.

Sasa utaratibu. Aliye Newala, Liwale au Kilwa aanzie kituo cha karibu, hata kama ni zahanati. Pale atapimwa presha, sukari na kiwango cha fahamu, ataandikiwa fomu ya rufaa inayoonyesha saa maumivu yalipoanza (saa, si "jana"), na kupelekwa hospitali ya rufaa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au ya kanda pale Mitengo. Kwa dharura halazimiki kupanda ngazi moja moja, na mgonjwa aliyepoteza fahamu apokelewe hata kama hana fomu. PF3, fomu ya polisi, haihusiki, ile ni ya majeruhi. Namba 115 ya m-mama nayo imewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, msiitumie kwa hili. Kituo ndicho kitakachopanga gari. Na msimpandishe mgonjwa wa namna hii basi la Dar es Salaam kwa uamuzi wenu. Ikithibitika anahitaji upasuaji wa mshipa wa ubongo, kama ule unaofanyika MOI, taasisi iliyo pale Muhimbili, atapelekwa kwa utaratibu akiwa na mhudumu.

Saa ya kuanza ina uzito kwa sababu CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, ikifanyika ndani ya saa 6 huiona damu karibu kwa kila mwenye nayo. Baada ya hapo uwezo wake hupungua, na huenda tukalazimika kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Hapana, sindano hiyo haipoozeshi miguu. Inachomwa chini ya pale uti unapoishia. Kabla hujapimwa usimeze aspirini wala diklofenaki, kwa kuwa damu ikiwa inavuja zinaweza kuzidisha.

Tuambie pia ulichotumia. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, peke yake huweza kuumiza kichwa, na ukiichanganya na dawa za moyo za jamii ya naitreti presha huweza kuporomoka ukafa. Ni dawa ya cheti. Vumbi la Kongo na unga mwingine usiojulikana una nini ndani hatuwezi hata kukuambia kipimo chake. Kuuza dawa ambayo haijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na dawa ya asili nayo ina baraza lake la usajili. Bangi, na baadhi ya dawa za mafua zinazobana mishipa, huweza kuleta maumivu ya kulipuka yanayojirudia kwa wiki moja au mbili; mama aliyejifungua karibuni naye yumo hatarini. Na wale mnaoacha dawa za presha mkidai zinaua nguvu za kiume, rudini kliniki zibadilishwe. Dawa ziko za aina nyingi.

Vipimo vikitoka safi, tiba ipo. Pumzisha tendo hadi maumivu yaishe kabisa. Yakijirudia, daktari anaweza kukuandikia indometasini ya kumeza dakika 30 hadi 60 kabla, au propranololi ya kila siku, isipokuwa kwa mwenye pumu. Kwa wengi hali hii huisha yenyewe baada ya muda. Kikilipuka tena kwa namna tofauti na ulivyozoea, cheti cha vipimo vya zamani hakitoshi. Njoo upya, usiku huo huo.