Ushuru Wetu Hauandikwi na Serikali ya Dunia

Mwezi wa tano hapa Kenya ni mwezi wa Mswada wa Fedha, ule unaobadilisha ushuru kila mwaka, na kwangu ni mwezi wa kusikia sentensi ile ile. Safari hii niliisikia kwa Bi mmoja mwenye vyumba vinane vya kupangisha kule Kisauni. Vyumba vyamwingizia shilingi 36,000 kwa mwezi, kwa hivyo kabla ya tarehe 20 hupeleka KRA, mamlaka ya mapato ya taifa, asilimia 7.5 ya pato hilo, yaani shilingi 2,700. Nikamwambia Mswada uko Bungeni, muda wa maoni haujafungwa, naye aandike lake. Akanishika mkono kama anayebembeleza mtoto: "Mwanangu, usijichoshe. Haya yanaandikwa huko kwao. Sisi twasomewa tu."

Huko kwao ni wapi? Kwa huyu ni IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, kwa yule ni Umoja wa Mataifa, kwa mwingine ni "wazungu" basi. Siku hizi wapo wanaoniletea video za WhatsApp kuhusu serikali moja ya dunia itakayotutoza sote. Nimefanya ushauri wa kodi hapa Mombasa kwa miaka mingi na hakuna dhana inayonikera kama hii, kwa sababu inamwondolea lawama yule hasa anayestahili kuulizwa.

"Ushuru unaamuliwa na dunia, sisi hatuna sauti"

Hakuna chombo cha kimataifa chenye uwezo wa kumtoza Mkenya hata senti moja. Umoja wa Mataifa wenyewe huishi kwa michango ya nchi wanachama. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 chasema waziwazi kwamba ushuru hautozwi, hausamehewi wala haubadilishwi ila kwa sheria. Mkataba na nchi za nje nao, kwa sheria ya mwaka 2012, hupelekwa Bungeni kabla ya kuridhiwa. Nchi huingia kwenye mikataba kwa hiari yake, na ikitaka hukataa.

Kukataa si ndoto. Tarehe 8 Oktoba 2021 nchi 136 kati ya 140 zilizokuwa zikijadiliana chini ya mwavuli wa OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, zilikubali mpango wa kugawana ushuru wa makampuni makubwa na kuweka kiwango cha chini cha asilimia 15. Nne zilikataa: Nigeria, Pakistan, Sri Lanka na Kenya. Tangu Januari mwaka ule sisi tulikuwa tukitoza huduma za kidijitali asilimia 1.5, na mpango ule ulitaka kodi za aina hiyo zifutwe. Tukasema la. Hakuna meli ya kivita iliyotia nanga bandarini Kilindini. Mwishoni mwa 2024 Bunge letu lenyewe ndilo lililoiondoa kodi ile na kuweka nyingine mahali pake: faida ya kampuni ya nje inayouza huku kupitia intaneti hukadiriwa kuwa asilimia 10 ya mauzo yake, nayo hutozwa asilimia 30. Hesabu yake ni shilingi 3 kwa kila 100. Sheria hiyo hiyo ikaingiza na kile kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa ya kimataifa. Unaweza kuipenda au kuichukia. Iliandikwa Nairobi.

Na hata pale serikali inapotia saini, mwananchi bado ana pa kushika. Mwaka 2012 Kenya ilitia saini mkataba wa kodi na Mauritius. Shirika la kiraia likaenda mahakamani, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikaubatilisha kwa sababu haukuwekwa mbele ya Bunge jinsi sheria inavyotaka. Mkataba mzima ulianguka kwa sababu mtu alisoma utaratibu na kuona hatua imerukwa.

Nakubali kwamba hiari hailingani. Mkopo wa IMF wa mwaka 2021 ulikuja na masharti, na mwenye deni hachagui kama asiye na deni. Lakini aliyeomba mkopo ni nani? Ni serikali tuliyoichagua, na Machi 2025 pande zote mbili ziliachana na mpango ule kabla ya tathmini ya mwisho. Anayelaumu Washington pekee amemsahau waziri aliyeketi upande wa pili wa meza.

Hiari ina ubaya wake pia, nao watu wa video za WhatsApp hawautaji kabisa. Novemba 2023, kwa msukumo wa nchi za Afrika, kamati ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ilipiga kura kuanza kutunga mkataba wa kodi wa dunia: 125 waliunga mkono, 48 walipinga, 9 hawakuegemea upande wowote. Waliopinga wengi ni nchi tajiri. Februari 2025 Marekani ikatoka kwenye mazungumzo, na hakuna aliyeweza kuizuia. Kikao kimoja kilikuja kufanyika Nairobi Novemba 2025. Kama dunia ingekuwa na serikali ya kutushurutisha, ingeanza na wenye nguvu wanaojitokea wakati wowote. Shida tuliyo nayo ni udhaifu wa makubaliano. Faida inapatikana kwa wateja wa hapa, inaandikwa kwenye vitabu vya kampuni ya kisiwa cha mbali, na sisi tunabaki kubanana kwenye mkate na mafuta.

Ukitaka kuona mahali ambapo kweli tumeweka mamlaka ya ushuru mezani pamoja na wenzetu, tazama Jumuiya ya Afrika Mashariki. Viwango vya ushuru wa bidhaa kutoka nje ni vya pamoja: sifuri, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi. Mchele kwenye orodha hiyo ni asilimia 75. Kenya, kwa miaka mingi, imeomba na kupewa ruhusa ya kutoza 35. Kwa nini? Mchele wetu mwingi wa nje hutoka Pakistan, na Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai yetu, chai inayopigwa mnada papa hapa Mombasa. Bei ya pilau yako inapitia kwenye mazungumzo hayo. Na Jumuiya hii si pingu: ile ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, tukaandika mkataba mpya mwaka 1999 kwa kutaka wenyewe.

Turudi kwa Bi wa Kisauni. Ile asilimia 7.5 yake ilikuwa 10 hadi mwisho wa 2023. Ilishushwa na Sheria ya Fedha. Mwaka 2024 pendekezo la kutoza mkate asilimia 16 liliondolewa tarehe 18 Juni baada ya watu kupiga kelele, na tarehe 26 Juni Rais akakataa kutia saini Mswada wote, siku moja baada ya vijana kuuawa kwa risasi barabarani. Sitaki kupitisha jambo hilo haraka. Watu walikufa kwa sababu ya mswada ambao wengi wa wateja wangu walikuwa wameniambia hauwezi kuguswa. Tena baadhi ya vipengele vyake vilirudi Desemba, na siku hizo za maoni hakuna mteja wangu hata mmoja aliyeandika. Nilihesabu.

Kwa hivyo ushauri wangu, ambao wateja wameuchoka na sitauacha: Mswada hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Usiusome wote. Tafuta kifungu kinachogusa biashara yako, andika ukurasa mmoja, taja namba ya kifungu, eleza kwa shilingi kitakufanya nini, kisha pendekeza maneno mbadala. Peleka kwa Karani wa Bunge la Taifa. Barua ya "tunapinga Mswada" haina mahali pa kuwekwa. Barua inayosema kifungu hiki kitanipandishia gharama kutoka 2,700 hadi 3,600, huyu hapa mpangaji atakayeibeba, hiyo kamati inaweza kuiingiza kwenye ripoti yake. Na weka nakala.

"Pesa za bandari ni za Mombasa"

Hii naisikia kwa watu ninaowaheshimu, na uchungu ulio nyuma yake naujua. Lakini ushuru wa forodha unaokusanywa Kilindini haulipwi na Mombasa. Hulipwa na anayenunua friji Eldoret na anayenunua tairi Kampala; sisi ndio mlango. Tangu 2014 mzigo wa Uganda hukadiriwa ushuru kabla haujaondoka hapa, na pesa hiyo ni ya Uganda. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa serikali ya taifa forodha, kikazipa kaunti kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani na ada za huduma. Juu yake kaunti 47 hugawana kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, 15 hiyo ni ya pato la miaka ya nyuma. Hapo pana dai la kweli, na silisikii kwenye mikutano.

Dai jingine ni la madini. Sheria ya 2016 imegawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa: 70 kwa taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Mgodi wa titani wa Kwale ulisimamisha uzalishaji Desemba 2024. Wazee wa vijiji vile wana haki ya kuuliza kila shilingi ya ile 10 iko wapi, na wanaouliza ni wachache mno.

Na kaunti inayotaka kujitegemea huanzia kwenye kodi ya ardhi. Nina wateja wenye viwanja Nyali wanaohutubia juu ya ugatuzi huku wana malimbikizo ya miaka sita.

"Nimelipa kanjo, KRA wanataka nini tena?"

Kanjo ni kaunti, na leseni yake ya biashara ni ya kaunti. Ushuru wa mapato ni wa taifa. Ni vifungu viwili na hazina mbili, na risiti ya kanjo haikupunguzii deni la KRA. Huweza tu kuingia kwenye matumizi ya biashara, na ndiyo maana nasema msitupe risiti.

"Mimi sina PIN, silipi ushuru"

Walipa, hata bila namba hiyo ya KRA. Angalia risiti ya sabuni: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 imo ndani.

"Ushuru wa haki ni kila mtu kulipa sawa"

Pwani tulishaujaribu usawa huo. Kodi ya nyumba iliyoletwa na Waingereza mwaka 1901 haikuuliza ndani ya kibanda mna nini. Kila kibanda kililipa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama kuwapinga Waingereza, kodi hiyo na kupelekwa vijana kazini kwa lazima vilikuwa miongoni mwa malalamiko, na aliyetiwa kizuizini mbali kule Kisii ni yeye.

Katiba haisemi mzigo uwe sawa. Inasema ugawanywe kwa haki. Ndiyo sababu ushuru wa mshahara huanza na asilimia 10 kwenye shilingi 24,000 za kwanza na kufika 35 kwa sehemu inayozidi 800,000 kwa mwezi. VAT haina ngazi hizo. Kwenye sabuni ya shilingi 232, shilingi 32 ni za ushuru, iwe mnunuzi ni mpagazi wa Kongowea aliyepata 500 siku hiyo au mwenye hoteli Diani. Kwa mpagazi, hizo 32 ni zaidi ya sehemu moja kati ya kumi na sita ya kutwa yake nzima.