Sungura ana vena kava tatu, acheni kuandika "kasoro ya kuzaliwa"

Tumeona tuliseme hili wazi maana malalamiko yamezidi. Nyie mnasema sampuli zinarudishwa bila sababu, sisi huku kwenye meza ya uchunguzi tunapokea mioyo ya sungura imeandikwa "mshipa wa ziada" na ukiicheki ni mizima kabisa.

Iko hivi. Vena kava ni mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Moja inatokea nyuma, upande wa tumbo, na mbili zinatokea mbele, kulia na kushoto. Ya kulia inaingia atiria ya kulia (chumba cha juu cha moyo, kinachopokea damu) moja kwa moja, na azigosi, mshipa unaotoa damu kwenye kuta za kifua, inamwaga kwenye vena kava hiyo hiyo. Ya kushoto ndo inayowachanganya: inashuka upande wake, inazunguka mgongoni mwa moyo kwenye ule mfereji kati ya atiria na ventrikali (chumba cha chini, kinachosukuma damu) ya kushoto, afu inakuja kufungukia atiria ya kulia. Njiani inapokea mshipa mkubwa wa moyo, ule unaopanda sambamba na ateri kwenye mfereji wa kati ya ventrikali. Kwa hiyo ukiitafuta sainasi ya korona, yaani mshipa unaokusanya damu ya moyo wenyewe, kama ilivyo kwenye mchoro wa binadamu utaikuta pana ajabu, usishtuke, inabeba damu ya moyo pamoja na ya kichwa na mguu wa mbele wa kushoto.

Binadamu naye anayo hiyo vena kava ya mbele ya kushoto akiwa tumboni mwa mama, ila kwa kawaida inasinyaa, wanaobaki nayo hawafiki hata 1 kwa 100. Kwa sungura na panya haifi. Na vali ya kulia (mlango kati ya atiria na ventrikali ya kulia) yenye vipande viwili badala ya vitatu, hiyo nayo ndo sungura alivyo, jamani.

Hatusemi kasoro hazipo. Tundu kati ya ventrikali mbili lipo, linatokea, na mkilishuku leteni, hatumkatazi mtu.

Ila leteni kwa utaratibu. Usikate mishipa juu kwa juu, acha angalau sentimita 1 ya kila vena, tukipokea moyo umenyolewa hatuna cha kusoma. Suuza damu iliyoganda kwa maji ya chumvi ya hospitali, weka kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo wake uwe mara 10 ya moyo wenyewe, chombo kiwe na mdomo mpana kwa sababu nyama ikishakaa humo inakakamaa haitoki. Friza hapana, barafu inaharibu seli. Lebo iandikwe kwa penseli, wino unafutika. Fomu iwe na umri, uzito, jinsia, alikufaje, na saini ya aliyepasua. Fomu bila saini inarudishwa hata kama moyo umehifadhiwa vizuri, ikiletwa tena inapanga foleni upya kuanzia mwisho, na kupiga simu kila asubuhi hakuisogezi mbele.