Bima ya gari inayomudika maana yake nini hasa

Watu wakilalamika kwamba bima ya gari imepanda, mara nyingi wanachanganya mambo mawili, bei ya bima na uwezo wa kuimudu. Bei ni ile namba anayokutajia wakala. Kumudu ni pale ukishailipa hiyo namba unabaki na nini cha kuendeshea maisha. Bima inaweza kupanda na bado ukailipa bila hata kuwaza, na inaweza kushuka na bado ikakushinda, kwa hiyo bima inayomudika ni bei ikiwekwa pembeni ya kipato cha mtu, na mimi naongeza na kitu cha tatu ambacho kwenye hizi hesabu huwa kinasahaulika kabisa, siku ukigonga au ukigongwa hiyo bima itakutoa au utajikuta bado unazunguka kukopa?

Wapo waliojaribu kuipima kwa namba. Wizara ya Fedha ya Marekani, kupitia ofisi yake ya bima, ilitoa ripoti mwaka 2017 ikaweka mstari hivi: bima ya lazima ikizidi asilimia 2 ya kipato cha kati cha kaya kwenye eneo fulani, basi kwa watu wa eneo hilo haimudiki. Wakaangalia maeneo wanayoishi watu wa kipato cha chini na cha wastani na yale wanayoishi zaidi watu wa jamii ambazo kihistoria zimeachwa nyuma, wakakuta maeneo ya posta 845 yamevuka huo mstari, yenye watu karibu milioni 19. Sasa asilimia 2 sio namba iliyoshuka kutoka mbinguni, ni mahali walipoamua kukata tu. Alafu kipato cha eneo zima kinaficha mengi, mana kwenye mtaa huohuo kuna anayelipa asilimia 1 ya mapato yake na jirani yake analipa 9, gari zao zinafanana na bei waliyopewa ni ileile. Na hapo wamehesabu bima ya lazima peke yake. Mwenye gari la mkopo benki haimkubalii hiyo, inataka bima kubwa, ile inayolipia na gari lenyewe, mpaka deni liishe, kwa hiyo kwake yeye bima ya lazima ni kubwa hata kama sheria inasema ndogo inatosha.

Hilo neno lazima ndo linafanya jambo hili lisiwe sawa na bei za vitu vingine. Kitu kikiwa ghali unaacha kununua, basi. Bima huwezi kuiacha kama unataka kuendesha kihalali. Jimbo la Massachusetts lilianza kulazimisha mwaka 1927, Uingereza ikafuata na sheria yake ya barabarani ya mwaka 1930, na leo karibu kila nchi ina sheria ya namna hiyo. Sababu yake ina mashiko, sitaki kuipinga: ile bima ndogo, wengine wanaiita thedi pati, haikulindi wewe wala gari lako, inamlinda yule utakayemgonga, ambaye hakukuchagua na pengine hata gari hana. Bila hiyo, mtu anaweza kuvunjwa mguu na dereva asiye na kitu na hakuna wa kumlipa. Lakini ukishamlazimisha mtu kununua kitu, na wanaokiuza ni kampuni za biashara zinazojipangia bei, swali la kumudu linaacha kuwa la mteja peke yake, linakuwa pia la serikali iliyoandika hiyo sheria.

Bei yenyewe inapatikanaje? Kwa ufupi kampuni inajiuliza maswali mawili, dereva wa aina yako anapata ajali mara ngapi, na akipata inagharimu kiasi gani. Ukizidisha hayo mawili unapata gharama ya kukubeba wewe, juu yake wanaweka kamisheni ya wakala, uendeshaji wa ofisi, bima ambayo kampuni yenyewe inajikatia kwa kampuni kubwa zaidi, faida, na kodi. Kodi usiidharau, Uingereza kwa mfano inatoza asilimia 12 juu ya bei ya bima tangu mwaka 2017, na hiyo analipa kila mtu awe dereva mzuri awe mbaya.

Kwenye lile neno "aina yako" ndo kuna kelele zote. Umri wako, miaka ya leseni, gari gani, unalitumia kwa nini, unalilaza wapi, umeshawahi kudai fidia. Mengine yanaeleweka, kijana wa miaka 18 kweli anapata ajali zaidi na takwimu za kila mahali zinasema hivyo, lakini mengine hayana uhusiano wowote na mikono yako kwenye usukani. Marekani majimbo mengi yanaruhusu kampuni kuangalia historia yako ya kulipa madeni, kwa hiyo mtu aliyechelewesha bili za hospitali anaweza kulipa bima kubwa kuliko mtu mwenye ajali kwenye rekodi yake lakini madeni yake yamenyooka. California, Massachusetts na Hawaii wamekataza hiyo. California ilishapiga kura tangu mwaka 1988 kwamba vitu vitatu vya kwanza kupewa uzito kwenye bei ya bima ya gari viwe rekodi yako ya kuendesha, umbali unaoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Desemba 2012, hauruhusu bei ya bima itofautiane kwa sababu ya jinsia, ingawa wanawake vijana walikuwa wanalipa kidogo kuliko wanaume wa rika lao, kwa hiyo wapo waliofurahi na wapo waliopandishiwa. Fidia zote zinatoka kwenye hela wanayochanga wenye bima, kwa hiyo kila ukimwondolea mtu mmoja mzigo kuna mwingine anaubeba, hakuna punguzo linalotoka hewani.

Alafu kuna miaka ambayo bei inapanda kwa wote hata kama hujafanya lolote. Kuanzia 2022 mpaka 2024 ilikuwa hivyo nchi nyingi. Marekani mpaka mwanzoni mwa 2024 bima ya gari ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja, Uingereza wastani ukafika pauni 635 kwenye robo ya kwanza ya 2024 kwa hesabu za chama cha kampuni za bima cha huko. Spea zilikuwa shida kupatikana na zikapanda bei, mafundi pia, gari zilizotumika zikapanda kwa hiyo kulipa gari lililoibiwa au lililokufa kabisa kukawa ghali zaidi. Na gari zenyewe zimebadilika, zamani bampa ilikuwa kipande cha plastiki, ukigonga unabadilisha na kupaka rangi, sasa ndani yake kuna sensa na kamera ambazo baada ya kufungwa zinatakiwa zipimwe upya kwa kompyuta. Kioo cha mbele vilevile. Teknolojia iliyowekwa kupunguza ajali inafanya ajali ndogo iliyobaki iwe na bili ya kutisha.

Sasa turudi kwenye ile habari ya bima kukutoa. Hapa ndo nadhani watu wanapigwa bila kujua, na ile bei uliyotajiwa haikuonyeshi. Kuna kitu kinaitwa ekses, kile kiasi unachobeba mwenyewe kila ukidai kabla kampuni haijaweka ya kwake. Ukikubali ekses kubwa bei inashuka, ndo mana tangazo la bima rahisi mara nyingi limekaa juu ya ekses kubwa. Ukiwa na akiba hiyo ni biashara nzuri tu, unaokoa kila mwaka na ajali ikitokea unatoa. Lakini anayekwenda kutafuta bei ya chini kabisa kwa kawaida ndo yule asiye na akiba, anachukua ekses ya mshahara wa mwezi mzima, gari linagongwa, fundi anasema gharama ni mara mbili ya hiyo ekses, na gari linakaa gereji miezi mitatu kwa sababu nusu ya kwake haipo. Huyo alikuwa na bima kwenye karatasi. Mimi ningesema hakuimudu tangu mwanzo, ila hesabu ya asilimia 2 ingemweka kwenye kundi la walioimudu.

Ndugu yake ekses ni kuandika thamani ya gari chini ya ukweli ili bima kubwa ishuke. Baadhi ya mikataba ina kipengele kinachosema ukikatia bima sehemu ya thamani, utalipwa sehemu hiyohiyo hata kwa uharibifu mdogo. Gari ni la thamani ya 100, umeandika 60, limepata uharibifu wa 20, unalipwa 12 na hapo bado ekses haijakatwa. Soma hicho kipengele kabla ya kusaini, kipo ndani kabisa ambako mtu hafiki.

Kuna na namna ya kulipa. Mwenye hela analipa mwaka mzima mara moja, asiye nayo analipa kwa mwezi, na kulipa kwa mwezi kwa kawaida ni mkopo hata kama hakuna aliyekuambia neno mkopo, una riba ndani yake. Uingereza mamlaka ya kusimamia huduma za fedha, FCA, ilianza kulichunguza hili mwaka 2024, kwamba kwa nini mtu analipa zaidi kwa bima ileile kwa sababu tu hana hela yote leo. Na ukishindwa awamu bima inaweza kukatika. Ukirudi baada ya miezi miwili kampuni zingine zinakuuliza huo muda ulikuwa wapi, pengo linahesabiwa kama dalili ya hatari, unapewa bei ya juu kuliko ile iliyokushinda mwanzo. Kwa hiyo umaskini wenyewe unaingia kwenye bei mara tatu, kwenye mahali unapoishi, kwenye riba ya kulipa kidogokidogo na kwenye adhabu ya kukatikiwa.

Wanaoshindwa kabisa hawauzi gari, wengi wao wanaendesha hivyohivyo. Marekani, taasisi ya utafiti wa bima ya huko inayojulikana kama IRC ilikadiria kwamba mwaka 2022 karibu dereva mmoja kati ya saba hakuwa na bima. Wakigonga kuna mtu lazima alipe. Uingereza wana mfuko tangu mwaka 1946 unaowalipa watu waliogongwa na madereva wasio na bima, na huo mfuko unachangiwa na kampuni za bima, yaani mwisho wa siku unachangiwa na wewe unayelipa. Bima isiyomudika inapandisha bima ya waliobaki, na hao waliobaki wa mwishomwisho nao wanaanza kudondoka.

Majaribio ya kutatua hili yapo ya aina nyingi na hakuna lililo safi. California ina bima maalum kwa madereva wa kipato cha chini iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, bei nafuu ila kiwango cha kulipa ni kidogo. New Jersey wana ile ya dola 365 kwa mwaka, dola moja kwa siku, kwa watu walio kwenye mpango wa serikali wa matibabu, lakini kwenye matibabu inalipia yale ya dharura na ya majeraha makubwa ya ubongo na uti wa mgongo ya upande wa mwenye bima, ukimgonga mtu haimlipi kitu, na mimi hapo sielewi bima ya lazima imebaki na maana gani. Afrika Kusini wamepita njia nyingine kabisa, fidia ya majeruhi wa barabarani inatoka kwenye tozo ya mafuta, kwa hiyo ukijaza tangi umeshachangia na hakuna anayeweza kuendesha gari la mafuta bila kuchangia. New Zealand tangu 1974 wana mfumo wa serikali unaowalipa majeruhi bila kuuliza nani mwenye kosa. Hizi mbili za mwisho zinamaliza tatizo la mtu aliyeumia, gari lililobonyea bado ni shauri lako.

Kwa hiyo ukitaka kujua yako wewe inamudika au la, chukua bei ya mwaka mzima na kodi yake, ongeza riba kama unalipa kwa awamu, gawanya kwa kipato chako cha mwaka. Hiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili angalia ekses ujiulize, gari likigongwa kesho asubuhi hiyo hela unaipata wapi bila kukopa. Kama jibu ni hakuna, ni afadhali ulipe bei iliyopanda kidogo yenye ekses unayoiweza. Na kama gari limezeeka, linganisha bima kubwa na kile watakachokulipa likifa kabisa, mana watakulipa thamani ya gari siku ya ajali wakitoa ekses, sio hela uliyonunulia. Bei ya bima ya miaka mitatu minne ikishakaribia hiyo thamani, rudi kwenye bima ndogo na hela iliyobaki uiweke pembeni kwa ajili ya fundi.