Malaika kwenye Kwanjula: Wimbo wa Asiye na Mahari

Ilikuwa Jumamosi mchana, Mukono, mahema mawili yakitazamana kama ilivyo kawaida ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni na kuleta zawadi na mahari: wenyeji huku, wageni kule, katikati uwanja wa kupitishia zawadi. Msafara wa bwana harusi ulishaanza kuingia. Vikapu vya mananasi, magunia ya sukari, kreti za soda, gomesi, lile vazi refu la kike, ya ssenga, shangazi wa bibi harusi, imefungwa kwenye karatasi inayometameta, na jogoo wa muko, kaka wa bibi harusi, akilalamika ndani ya tenga lake. Dijei akaona huo ndio wakati wa wimbo mtamu. Akaweka Malaika.

Mahema yote mawili yakaitikia. Mjomba wangu, mstaafu wa reli aliyekulia kwenye nyumba za reli Tororo, hakuitikia. Aliniinamia sikioni. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita nami ndivyo ninavyomwita, "huyo kijana anakijua anachokipiga? Mwenzake analeta, yeye anaimba sina."

Jioni tulirudi Kampala kwa teksi, yaani matatu, na foleni ya kutoka Seeta hadi Kireka inatosha kubishania wimbo wowote. Abiria wakaingilia. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu Malaika, na mengi kati ya hayo ndiyo ninayoyasikia miaka nenda miaka rudi.

"Ni wimbo wa harusi"

Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu. Kijana wa kiti cha mbele alisema wimbo una mapenzi, una malaika, sasa harusini upigwe upi mwingine?

Anayeimba hana harusi. Ana mpenzi na ana nia, lakini mali hana, na katika ubeti wa pesa anakiri mwenyewe kwamba hizo pesa zinamsumbua roho. Uzito wote wa wimbo umekaa kwenye neno moja, ningekuoa, na hiyo -nge- haina shangwe ndani yake. Mtu anayeoa hasemi ningekuoa. Hata ile "sina wee" ambayo wengi huiimba kana kwamba ni "sina wewe", kijana akimlilia binti asiyekuwa naye, ni kitu kingine: sina mali, halafu wee ya kuvuta sauti, ile tunayoitoa tukichoka.

Hapo mjomba akatoa sarufi aliyofundishwa kwa fimbo. "Hakusema ningalikuoa," akasema, akainua kidole kama mwalimu. Kwa sarufi ya zamani -ngali- ni ya jambo lililokwisha kuharibika, na -nge- ni ya jambo ambalo leo haliwezekani lakini kesho hujui. Mitaani tunazichanganya, najua. Ila ukimsikiliza mjomba unagundua kitu: kile kisa tunachosimuliana, cha binti kuozwa tajiri huku maskini akilia kando, hakimo katika maneno ya wimbo. Tajiri hayumo, wala baba mkali. Yumo kijana na mfuko mtupu, na kwa -nge- ile binti bado yuko kwao. Tajiri aliingizwa na simulizi za nje, na nitamfikia.

Wala tusimfanye kijana huyo kuwa wa Nairobi au wa pwani peke yake. Wimbo ulipotoka, Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa zinatumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Uganda ilianza kutoa shilingi yake mwaka 1966. Noti iliyokosekana mfukoni mwa mwimbaji ndiyo hiyo hiyo iliyokosekana mfukoni mwa kijana wa Mbale au Jinja. Na mahari yenyewe haijaenda popote. Shirika la MIFUMI, lenye asili yake Tororo hiyo hiyo ya mjomba, lilifikisha suala hili mpaka Mahakama ya Juu. Agosti 2015 majaji waliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kutoa mahari hawakukuharamisha. Kwa hiyo kijana wa Malaika angekuja leo, bado angeulizwa ng'ombe wako wapi.

"Malaika ni jina la binti"

Si jina. Ni sifa, kama kumwita mtu ua au lulu. Waganda wengi hulisikia neno hili kwa sikio la kanisani, kwa sababu Kiganda nacho kina malayika, yule wa mbinguni mwenye mabawa, na ndiyo maana yupo anayedhani huu ulianza kama wimbo wa dini. Kiswahili kimelinyoosha zaidi: mtoto mchanga ni malaika, mpenzi ni malaika, na hata vinyweleo laini vya mwilini huitwa malaika.

"Ni wa Miriam Makeba"

Mama mmoja mwenye gomesi ya zambarau aliapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba Makeba ndiye aliyeutunga. Sikumlaumu. Sauti ya Makeba ndiyo iliyoutembeza wimbo duniani. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imemfutia pasipoti mwaka 1960, akawa anaishi Marekani, na mwaka 1965 akaurekodi pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya pamoja, albamu iliyowapatia tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Lakini kabla ya hapo ulishatoka Nairobi. Fadhili William, Mkenya wa Kitaita, aliurekodi na bendi yake ya Jambo Boys miaka ya 1960 ikianza anza, kisha akaurudia kwa ajili ya Equator, studio ya Mwingereza aitwaye Charles Worrod. Makeba aliupokea, hakuuzaa.

Na ushahidi umo kinywani mwake mwenyewe. Makeba ni mwanamke, lakini anaimba ningekuoa. Mswahili husema mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mganda naye ana okuwasa kwa mume na okufumbirwa kwa mke, na ukimsikia binti anasema atamwoa fulani utageuka kumtazama. Makeba hakugeuza kitenzi kimfuate yeye. Aliacha maneno ya mwanamume kama yalivyo, akayaimba kwa huzuni yake, na nadhani ndiyo sababu tunasahau kabisa anayelia pale ni nani. Yule mama wa gomesi, nilipomweleza hivyo, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Basi yeye aliimba vizuri kuliko mwenyewe." Kwa hilo sina ubishi.

Wenye umri wangu nao wana kosa lao: tulidhani ni wimbo wa Boney M, kwa sababu kanda yao ya mwaka 1981 ndiyo iliyolia kwenye redio za nyumbani. Wasweden walishaitangulia disko hiyo. Bendi ya Hep Stars iliurekodi mwaka 1967, na mpiga kinanda wake alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Angélique Kidjo wa Benin akauchukua mwaka 1991. Kwa wimbo wa mtu asiye na nauli, umesafiri.

"Ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe"

Dhana hii ndiyo inayonikera, kwa sababu ina faida kwa watu. Ukiandika kwenye lebo kwamba wimbo ni wa jadi, umesema hakuna mtunzi wa kulipwa mrabaha. Anayelipwa ni aliyeupanga upya na aliyeuchapisha. Nyimbo nyingi za Afrika zilipita mlango huo.

Malaika una mwenyewe. Taabu ni kwamba wanaodaiwa kuwa wenyewe ni wengi. Fadhili aliuita wake mpaka alipofariki Nairobi, Februari 2001, na jina lake ndilo linaloandikwa mara nyingi zaidi. Upande wa Tanzania wako wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, aliyekuwa akiishi Nairobi katikati ya miaka ya 1940, akampenda binti ambaye wazazi wake walimpa mwanamume mwenye fedha. Huyo ndiye tajiri wetu. Katokea kwenye simulizi hii. Wakenya wengine wawili, Grant Charo na Lucas Tututu wa Mombasa, nao wametajwa.

Ukiniuliza mimi, kilichothibitika ni nani aliyeuingiza kwenye santuri, naye ni Fadhili. Kutunga ni jambo jingine. Muziki wa dansi wa miaka ile ulizunguka na wapiga gitaa, kutoka bandarini hadi kambini, kutoka baa hadi baa, na santuri ilikuwa inamkumbuka aliyefika studio. Kumwita Fadhili mwizi kwa sababu ya simulizi ni haraka mno, na kumfuta Adam Salim kwa sababu hakuwa na santuri ni haraka vile vile.

Wala si hoja ya wazee tu. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Tukimhesabu Fadhili kuwa ndiye, wimbo huu una mwenyewe hapa Uganda hadi mwaka 2051. Tukimhesabu mwingine, kalenda inahama. Tangu 1985 tunacho chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, na bado ningependa kuona risiti ya dijei wa Mukono.

"Waganda hawana habari na Kiswahili chake"

Hili lilisemwa kwa Kiswahili, ndani ya teksi iliyojaa watu wanaobishana kwa Kiswahili. Tuendelee.

"Maneno yake ni mepesi"

Mepesi mpaka ufike kwa kidege. Katika ubeti ule wengi huimba "hukuwaza kidege", na mjomba anasema hapo ndipo Waswahili wenyewe hukwama.

Litazame neno polepole. Hukuwaza inaweza kuwa hu- ya mazoea: kidege changu, mimi huwa nakuwaza, kila siku, kazi yangu ni hiyo. Lakini inaweza pia kuwa kanushi ya wakati uliopita: wewe kidege, hukuwaza, yaani hukufikiri. Herufi ni zile zile na mdundo ni ule ule. Katika maana ya kwanza kijana anabembeleza. Katika ya pili analaumu, binti hakufikiria mbele, au hakumfikiria yeye. Mwandishi huweza kuongeza neno likatenganisha. Mwimbaji hana nafasi hiyo, gitaa linamsubiri.

Mimi nasimama na hu- ya mazoea. Wimbo wote unajilaumu wenyewe. Kila anapouliza afanyeje, kidole kimemwelekea yeye na mfuko wake, na sioni kwa nini amgeukie kidege ghafla amtupie lawama. Kijana wa kiti cha mbele akasema hapana, mapenzi hayana mantiki ya hivyo, mtu akinyimwa hulaumu. Yule mama akasema wote tumekosea, neno ni "nakuwaza", na tusikilize vizuri. Akaliimba. Dereva akapunguza redio ili asikie.

Zipo sauti zilizoimba hivyo, na hivyo ubishi ungeisha. Ila mjomba alikuwa ameshaona kituo chake cha Kireka. "Mu maaso awo, ssebo," hapo mbele, bwana, akamwambia konda, akashuka kwa kushikilia mlango, goti lake likimsumbua. Tukadhani amekubali. Teksi ilipoanza kuondoka akapiga dirisha kwa kiganja, nikalifungua.

"Mwambie mama huyo," akasema, "Tororo tuliimba hukuwaza."

"Ya mazoea au ya kukanusha, mjomba?"

Boda tatu zilipita kati yetu, sikulisikia jibu.