Je, wajua kwa nini mgonjwa wa ICU hatolewi mashine ya kupumulia mara tu anapofumbua macho?

Ndugu waliosafiri kutoka Tandahimba hadi Hospitali ya Rufaa ya Ligula, Mtwara, wakimkuta mgonjwa wao wa ICU amefumbua macho na anabana mkono akiambiwa abane, huuliza jambo moja: mrija unatoka lini? Wakijibiwa "tumjaribu kwanza", wengi huchanganyikiwa. Anajaribiwa nini?

Mashine husukuma hewa mapafuni kupitia mrija uliopita mdomoni na kushuka kwenye njia ya hewa. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikifanyiwa kila kitu huanza kusinyaa ndani ya siku mbili tatu tu, na mrija nao huwapa vijidudu njia ya kushukia. Kwa hiyo kuchelewa kuna madhara. Kuharakisha nako kuna madhara, maana anayelazimika kurudishiwa mrija mara nyingi huwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Kila asubuhi dawa za usingizi hupunguzwa au kusitishwa, kisha huangaliwa kama ugonjwa uliomleta umeanza kuachia, oksijeni anayohitaji haizidi asilimia 40, presha inayobaki mapafuni akimaliza kutoa pumzi haizidi sentimita 8 za maji (kipimo cha presha ya hewa), presha ya damu imetulia, na anakohoa akinyonywa makohozi. Hapo ndipo jaribio la kupumua mwenyewe huanza. Mashine hushushwa imsaidie kwa sentimita 5 hadi 8 za maji tu, au mrija huunganishwa kwenye kiungo cha umbo la T kinachopitisha oksijeni, kwa dakika 30 hadi 120.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia sana: idadi ya pumzi kwa dakika, gawanya kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Anayepumua mara 24, mililita 400 kila mara, anapata 60. Anayepumua mara 36, mililita 240, anapata 150. Kwa dakika nzima hawapishani sana, lita 9.6 kwa 8.6, ila huyu wa pili anahema juujuu, na sehemu kubwa ya kila pumzi inaishia njiani bila kufika kwenye vifuko vya mapafu. Ikizidi 105, kuna uwezekano mkubwa wa kushindwa.

Namba peke yake haitoshi, mtazame mgonjwa. Jasho, mapigo ya moyo zaidi ya 140, pumzi zaidi ya 35, oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, au tumbo linalobonyea ndani wakati kifua kinapanda: hapo kiwambo kimechoka. Anarudishiwa msaada kamili apumzike hadi kesho yake, na chanzo kinatafutwa. Huenda ni makohozi, madini ya damu kama fosfeti au potasiamu yaliyoshuka, au moyo. Presha ya mashine kifuani hupunguza damu inayorudi kwenye moyo. Ikiondoka, damu hurudi kwa wingi, na moyo dhaifu huruhusu maji yajae mapafuni. Huyo huenda akahitaji dawa ya kukojoza kuliko wiki nyingine ya mashine.

Huku Kusini, msimu wa kupulizia mikorosho una mtego wake. Sizungumzii salfa, bali sumu ya dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti. Atropini, dawa anayopewa aliyepata sumu hiyo, hukausha mate na makohozi na kuinua mapigo, lakini haiirudishii misuli nguvu, na kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, shingo na misuli ya kupumulia vinaweza kulegea upya kwa mtu aliyeonekana amepona. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto na akishikilie kwa sekunde 5. Akishindwa, mrija ubaki, hata namba ziwe nzuri vipi.

Kufaulu jaribio hakusemi lolote kuhusu koo. Hewa hutolewa kwenye puto la mrija, lile linaloziba nafasi kati ya mrija na njia ya hewa, ili kuona kiasi kinachovuja pembeni. Kikiwa chini ya mililita 110 hivi, koo huenda limevimba, na dawa za steroidi, za kupunguza uvimbe, hutolewa angalau saa 4 kabla ya kuutoa mrija. Siku ya kuutoa, mgonjwa huketishwa, mrija na mdomo hunyonywa (mate yaliyotuama juu ya puto yasiporomoke mapafuni), puto hunywea, na mrija huvutwa akiwa amejaza kifua, ili kitu cha kwanza afanye ni kukohoa. Mlio kama filimbi akivuta pumzi ni dalili ya koo kuziba, na saa 48 za mwanzo ni za kumchunga kwa karibu.

Uji uliobebwa na ndugu usubiri. Koo lililolala na mrija kwa siku kadhaa hupoteza wepesi wa kufunga njia ya hewa, kwa hiyo huanza na vijiko vya maji, akiwa ameketi, muuguzi akisikiliza kama anakohoa au sauti inakuwa ya majimaji.